Mwili Hujengwa Wakati wa Kupumzika

Somo kuhusu mazoezi ya pumzi na nguvu kwa vijana, wazazi na walimu wa michezo kambini



Kila yanapokaribia mashindano ya mpira kati ya zoni na zoni, viwanja vyetu hujaa alfajiri na jioni. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini baada ya wiki tatu au nne tunaanza kuona mengine: vijana wanaochechemea, wanaoanguka uwanjani kwa kizunguzungu, na akina mama wanaosema kwamba ugali wa jioni hautoshi tena kwa sababu mtoto mkubwa anakula sehemu ya wadogo zake.

Wengi wetu tunaamini kwamba anayefanya mazoezi mengi kuliko wenzake ndiye atakayekuwa na pumzi kuliko wote. Sivyo. Mazoezi peke yake hayaujengi mwili. Mazoezi huuchosha mwili na kuupa habari kwamba kuna kazi kubwa inakuja. Mwili hujijenga baadaye, wakati umelala na umekula. Anayefanya mazoezi bila kupumzika na bila kula ni kama mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake kila siku ili aujenge upya, lakini hana tofali wala fundi.

Katika somo hili tutaona mambo manne: ni kitu gani kinachobadilika mwilini, kinabadilika kwa muda gani, kinagharimu chakula kiasi gani, na tufanyeje mazoezi kulingana na maisha yetu ya hapa.

1. DAMU NA MOYO

Misuli inapofanya kazi huhitaji oksijeni. Oksijeni huingia mapafuni tunapovuta pumzi, huchukuliwa na damu, na moyo ndio unaoisukuma damu hiyo mpaka kwenye misuli. Mtu anaposema "sina pumzi", mara nyingi mapafu yake hayana tatizo. Kinachoshindwa ni moyo na damu kufikisha oksijeni haraka, au misuli kuitumia.

Badiliko la kwanza hutokea upesi. Katika siku chache za mwanzo hadi wiki mbili, majimaji ya damu huongezeka. Ndiyo maana mtu aliyeanza kukimbia wiki iliyopita huona nafuu wiki hii, ingawa misuli yake haijabadilika sana. Chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, huongezeka polepole zaidi, kwa muda wa wiki kadhaa, tena zinahitaji madini ya chuma kutoka kwenye chakula.

Moyo nao ni msuli. Ukizoezwa kwa miezi, hutanuka kidogo, hupata nguvu, na husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Tuangalie hesabu ya mtu aliyekaa bila kufanya kazi:

Kabla ya mazoezi: mapigo 75 kwa dakika, kila pigo mililita 70. Jumla ni lita 5 na robo.

Baada ya miezi ya mazoezi: mapigo 60 kwa dakika, kila pigo mililita 88. Jumla ni karibu lita 5 na robo.

Kazi ni ileile, lakini moyo umepumzika mapigo 15 kila dakika. Kwa siku nzima ni mapigo 21,600. Na siku ya mechi, moyo huo una akiba ambayo moyo wa mwenzake hauna.

Jinsi ya kupima: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa unadunda. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Pima asubuhi kabla hujaondoka kitandani. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya mapigo 60 na 100. Wakimbiaji waliozoea hufika hata chini ya 60. Andika namba yako kwenye daftari kila siku. Ukikuta asubuhi moja imepanda kwa mapigo 10 au zaidi kuliko kawaida yako, hujapumzika vya kutosha au ugonjwa unakuja. Siku hiyo usikimbie.

2. MISULI

Ndani ya kila msuli kuna mishipa midogo sana ya damu, myembamba kuliko unywele. Mazoezi ya muda mrefu yasiyo makali huifanya mishipa hiyo iongezeke. Pia ndani ya chembe za msuli kuna vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Humo ndimo wanga na mafuta huunguzwa kwa oksijeni ili kupata nguvu. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, mitokondria nazo huongezeka. Hapo mtu anaweza kukimbia kwa mwendo uleule huku akitumia mafuta zaidi na kuhifadhi wanga wake kwa ajili ya mbio za mwisho.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba mabadiliko haya huja zaidi kwa mwendo wa polepole kuliko kwa kukimbia kwa kasi kila siku. Kipimo ni rahisi na hakihitaji saa: ukiwa unakimbia unapaswa kuweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda kasi mno. Mbio za kasi zina kazi yake, lakini siku moja kwa wiki inatosha kwa anayeanza.

Kwa upande wa nguvu, yaani kubeba, kuruka na kusukuma, wiki za mwanzo nguvu huongezeka bila misuli kunenepa. Kinachojifunza ni ubongo na mishipa ya fahamu: inazoea kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Msuli wenyewe huanza kukua baadaye, na hukua kwa protini. Kwetu protini hiyo hutoka hasa kwenye maharage, mbaazi na dagaa.

3. MIFUPA NA KANO HUCHELEWA

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tusome polepole.

Damu hubadilika kwa siku. Misuli hubadilika kwa wiki. Mifupa na kano hubadilika kwa miezi. Kano ni zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, kama ile iliyo nyuma ya kisigino. Hupata damu kidogo, ndiyo maana hujengwa polepole.

Mfupa una tabia yake. Ukipata kazi mpya, mwili kwanza hula sehemu ya mfupa wa zamani, kisha hujenga mpya mahali pale. Kazi yote huchukua karibu miezi mitatu hadi minne. Maana yake ni kwamba katikati ya kipindi hicho mfupa una sehemu ambazo ni dhaifu kuliko siku ulipoanza.

Sasa fikiria kijana aliyeanza mazoezi mwezi mmoja uliopita. Pumzi anayo. Anajisikia mwepesi. Anasema, "Sasa niongeze, niende mara mbili kwa siku." Pumzi yake imetangulia, mifupa yake imebaki nyuma. Wiki hiyohiyo anaanza kusikia maumivu mbele ya mguu, kwenye mfupa wa ugoko. Akilazimisha, mfupa hupata ufa, na ufa huo humlaza nje ya uwanja kwa wiki 6 au zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: usipime kwa pumzi yako, pima kwa kalenda. Ongeza kidogo, kisha kaa wiki mbili kabla ya kuongeza tena. Mwenda pole hajikwai.

4. JUA NA JOTO

Mwili hujizoeza joto kwa siku 7 hadi 14. Jasho huanza kutoka mapema, hutoka jingi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Lakini mtu aliyekuwa mgonjwa au aliyekaa wiki kadhaa bila kufanya kazi juani hupoteza uzoefu huo na hulazimika kuanza upya.

Kukimbia kwenye joto kunaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja. Tunajua wote foleni ya bombani ilivyo. Basi mazoezi yafanyike alfajiri au jua likiwa limeshuka, na kila mchezaji aje na maji yake safi. Asiye na maji siku hiyo atembee tu, asikimbie.

5. MWILI USIOTUMIKA HUPUNGUA

Kuna wanaosema, "Mimi sichezi mpira, somo hili halinihusu." Linakuhusu.

Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, wataalamu waliwalaza vijana watano wenye afya njema kitandani kwa wiki 3 mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Kisha wakapewa mazoezi kwa karibu wiki 8, na uwezo ukarudi. Mwaka 1996 wanaume walewale watano wakapimwa tena, sasa wakiwa na umri wa miaka 50. Ikaonekana kwamba wiki 3 za kulala ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Na walipofanya mazoezi ya polepole kwa miezi 6, walirudi mahali walipokuwa walipokuwa vijana kabla ya kulazwa.

Maisha ya kambini hukalisha watu. Baba aliyekuwa akilima ekari nzima huko nyumbani, hapa hukaa chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya miezi anashangaa kwamba kilima kidogo kinamshinda. Hajazeeka ghafla. Mwili wake umekosa habari kwamba kuna kazi. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatosha kuurudishia habari hiyo.

6. MAZOEZI HULIPIWA KWENYE SUFURIA

Sasa tufike kwenye swali la akina mama.

Mashirika ya misaada hupanga mgao kamili kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Kiasi hicho ni wastani wa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanaofanya kazi za kawaida. Hakikupangwa kwa mtu anayejiandaa kwa mashindano.

Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Tuchukue kijana mwenye kilo 60 anayekimbia kilomita 8:

60 x 8 = kilokalori 480.

Hiyo ni karibu robo ya mgao kamili wa siku. Ukiipima kwa unga wa mahindi, ni karibu gramu 135. Akikimbia hivyo asubuhi na jioni, ni gramu 270 za unga kwa siku, juu ya chakula chake cha kawaida. Na mgao unapopunguzwa hadi nusu, yaani kilokalori 1,050, mbio hizo za asubuhi peke yake hula karibu nusu ya chakula chake chote.

Unga huo utatoka wapi? Kuna sehemu mbili tu. Ama utoke kwenye sahani za wadogo zake, ama utoke kwenye mwili wake mwenyewe. Mwili usiopata chakula cha kutosha huunguza mafuta yake, kisha huunguza misuli ileile ambayo kijana alitaka kuijenga. Huacha kujenga mfupa. Huacha kutengeneza damu mpya. Mtu huyo anafanya mazoezi kila siku na kila wiki anazidi kuwa dhaifu. Yeye anadhani hajitumi vya kutosha, kwa hiyo anaongeza tena.

Hatusemi vijana waache michezo. Michezo huondoa mawazo, huleta urafiki kati ya watu wa nchi na makabila mbalimbali, na humpa kijana sababu ya kuamka. Tunasema mazoezi yapimwe kwa chakula kilichopo. Kukimbia polepole kilomita 3, mara tatu kwa wiki, humgharimu yule kijana kilokalori 180 kwa siku ya mazoezi, sawa na gramu 50 za unga. Hizo familia nyingi zinaweza kuzipata kwa bustani ndogo ya nyumba, mihogo, ndizi au karanga kidogo. Na kama tulivyoona, mazoezi hayo yanatosha kubadilisha damu, moyo na misuli.

Wiki ambayo mgao umepunguzwa au umechelewa, mwalimu wa timu apunguze mazoezi kwa nusu au zaidi. Asione haya. Uwezo hauishi kwa wiki moja au mbili za kupumzika. Unachopoteza kwa kupumzika unaweza kukirudisha, lakini mfupa uliopasuka hukurudisha nyuma miezi.

Baada ya mazoezi, ule mapema kadiri unavyoweza. Ugali na maharage ni chakula kizuri kwa mchezaji: ugali hurudisha wanga kwenye misuli, maharage huleta protini. Ongeza mchicha au matembele kwa ajili ya madini ya chuma, na ukipata limau, chungwa au pera, ule pamoja na chakula, kwa sababu husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huyazuia. Ngoja saa moja.

7. DUMU LA MAJI NI MAZOEZI

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mama anayelibeba mara nne kwa siku, akatwanga, akafua, na siku nyingine akafuata kuni mbali, tayari anafanya mazoezi kuliko wachezaji wengi. Moyo wake na misuli yake vimejengwa na kazi hiyo.

Kwa hiyo msichana anayetaka kucheza mpira au kukimbia ahesabu kazi hizo. Siku ya kuni ni siku ya mazoezi magumu. Jioni yake apumzike. Na kaka zake wasikie hapa: kama mnatafuta mazoezi ya nguvu, dumu lipo na bomba lipo. Kubeba maji ya nyumbani kutawaongezea nguvu ninyi na kuwapumzisha dada zenu, bila kuongeza gharama ya chakula katika nyumba, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ifanywe na mtu tu.

8. MPANGO WA WIKI 12 KWA ANAYEANZA

Fanya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usifanye siku mbili mfululizo. Kila siku anza kwa kutembea dakika 5, na maliza kwa kutembea dakika 5.

Wiki ya 1 na ya 2: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia dakika 3, tembea dakika 2. Rudia mara 5.

Wiki ya 5 na ya 6: kimbia dakika 6, tembea dakika 2. Rudia mara 3.

Wiki ya 7 na ya 8: kimbia dakika 10, tembea dakika 2. Rudia mara 2.

Wiki ya 9 hadi ya 12: kimbia dakika 20 hadi 25 bila kusimama. Siku moja kwa wiki, badala yake, kimbia kwa kasi dakika 1 na tembea dakika 2, mara 6.

Siku mbili kati ya hizo, ongeza mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, pushapu mara 8, na kuinuka kwa vidole vya miguu mara 15. Rudia mara mbili. Hayahitaji chombo chochote.

Ukikosa wiki moja, rudia wiki uliyoachia. Ukiugua malaria, usirudi uwanjani mpaka umalize dawa na nguvu zirudi, kisha rudi nyuma hatua mbili katika mpango. Usikimbie na kandambili. Huteleza na hulemaza kisigino. Aliyezoea pekupeku anaweza kuendelea kwenye udongo laini usio na miba wala vyupa, lakini anayehama kutoka pekupeku kwenda viatu, au kutoka viatu kwenda pekupeku, aanze kwa dakika chache.

Lala saa 8 ukiweza. Usingizi ndio karakana ya mwili.

9. MIEZI NA MIAKA

Mwaka 2015, wenzetu wa kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, walishiriki majaribio ya mbio yaliyoandaliwa na taasisi ya Tegla Loroupe, mkimbiaji maarufu wa Kenya. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, na watano kati yao, wote wenye asili ya Sudan Kusini, wakakimbia katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwezi Agosti 2016 kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi. Ni Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na James Nyang Chiengjiek. Hakuna aliyevuka raundi ya kwanza. Lakini tuangalie walichopewa huko Ngong: kocha, chakula, mahali pa kulala na muda wa kupumzika. Bila hivyo, kukimbia peke yake kusingewafikisha hata kwenye mstari wa kuanzia. Na waliokuwa wakishindana nao walikuwa na miaka mingi ya mazoezi miilini mwao.

Ndugu zetu wa Burundi wanamkumbuka Vénuste Niyongabo, aliyeshinda mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996 na kuipatia Burundi medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Alijulikana kama mkimbiaji wa mita 1,500, lakini mwili uliojengwa kwa miaka ulimbeba hata kwenye mbio ndefu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

10. DALILI ZA HATARI

Simama mara moja, na nenda zahanati, ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu ya kifua, au kuzimia wakati wa kukimbia.
- Kuchanganyikiwa, kutapika au ngozi kuwaka moto wakati wa joto. Wenzake wampeleke kivulini haraka, wammwagie maji, wampepee, na mmoja akimbilie msaada.
- Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali. Ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini.
- Maumivu ya mfupa sehemu moja, yanayozidi ukiruka kwa mguu mmoja, au yanayouma hata usiku.
- Homa ya aina yoyote. Mwenye homa hafanyi mazoezi, hata kama kesho ni fainali.

Msichana akikosa siku zake kwa miezi mitatu tangu aanze mazoezi, asidhani ni jambo la kawaida la wanamichezo. Huenda mwili wake haupati chakula cha kutosha, na mifupa yake inadhoofika. Amwone muuguzi. Walimu wa timu za wasichana wawape nafasi ya kulisema hili kwa mwanamke mwenzao, bila aibu.

Wafuatao waanze kwa ushauri wa mhudumu wa afya: wenye selimundu, wenye ugonjwa wa moyo, wenye shinikizo la damu au kisukari, wajawazito, na wenye upungufu wa damu. Upungufu wa damu unaweza kuutambua kwa weupe wa viganja na wa ndani ya kope, na uchovu usioisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mtu huweza kuwa na pumzi nzuri huku mifupa yake ikiwa bado haijawa tayari?

2. Kijana mwenye kilo 55 anakimbia kilomita 6. Ametumia kilokalori ngapi? Ni sehemu gani ya mgao kamili wa siku? Ni sehemu gani mgao ukiwa nusu?

3. Katika timu yenu, nani huamua mazoezi yapunguzwe wakati mgao umepungua? Kama hakuna, mchagueni leo.

4. Andikeni kazi zote za mwili alizofanya dada au mama yenu jana. Linganisheni na mazoezi ya mchezaji wa timu yenu.

5. Mama ana watoto watano, na mkubwa ni mchezaji. Chakula hakitoshi. Mngemshauri nini mama, na mngemshauri nini kijana? Msikubali jibu linalosema wadogo wavumilie.

Wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Walimu wa timu wanaombwa kuunakili mpango wa wiki 12 na kuubandika kwenye uwanja wa kila kijiji, pamoja na dalili za hatari. Anayetaka kufundishwa kupima mapigo ya moyo amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Tunawatakia mazoezi mema na mapumziko mema.